Kabla hujalipia mlango wa kukunja, uliza kioo gani na lenta gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba mnivumilie maana barua yangu ni ndefu, nimeiandika kwenye simu kwa siku tatu, naandika naacha, nikikumbuka naendelea. Ni habari ya hii milango ya vioo ya kukunja, ile mafundi wanaiita foldingi, ambayo saivi kila anayejenga huku kwetu Kigamboni anaitaka, Mbweni wanaitaka, Goba wanaitaka, na nyie wenyewe kwenye kurasa zenu za nyumba mnatuwekea picha zake, sebule imefunguka yote mpaka bustanini, pazia linapepea, ukuta hamna. Picha nzuri sana. Mimi niliiona nikaitaka, nikauweka, na mjukuu wangu wa miaka 6 akashonwa nyuzi 11 mkononi.

Nieleze kwanza kwanini niliutaka maana watu wengine wanasema ni mashauzi. Baba watoto alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Nyumba yetu tuliijenga 2004 kwa mtindo wa enzi zile, mlango wa mninga wa kutokea kibarazani, mwembamba, chini una kizingiti cha zege, pembeni yake dirisha lenye grili. Kila alasiri akitaka kutoka apate upepo wa bahari ilibidi watu wawili wamnyanyue na kiti chake, na siku vijana hawapo basi anabaki ndani anaangalia ukuta. Mtu mzima aliyefanya kazi bandarini miaka 30 anaomba kutolewa nje kama mtoto. Ilikuwa inaniuma sana. Kwahiyo niliposikia kuna mlango unakunjwa wote pembeni na chini hauna kizingiti, nikasema huu ndo wa mzee wangu.

Nikaenda karakana moja ya alumini, sitaitaja jina, nia yangu sio kugombana na mtu. Wakaja vijana wawili na tepu, wakapima dakika 10, wakasema mama tunatoa dirisha, tunatoa mlango, tunabomoa na kipande cha ukuta kilicho katikati, tunapata nafasi ya mita 3 na sentimita 60, zinakaa paneli 4, kazi ya siku 3. Bei milioni 2 na laki 8, natanguliza asilimia 70. Nikatoa. Sikuuliza kitu. Ningeuliza nini? Nilijua kuuliza rangi, nikachagua nyeusi.

Siku ya tatu kweli mlango ukawepo, ukateleza, mzee akajisukuma mpaka kibarazani mwenyewe kwa mkono mmoja akiwa ameshika gurudumu, akakaa pale mpaka magharibi. Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi. Nawaambia nililia.

Desemba wajukuu wakaja likizo. Watoto walikuwa wanacheza kombolela nje, mlango tulikuwa tumeufunga kwasababu ya vumbi, na kile kioo nilikuwa nimekifuta asubuhi kiko safi hata hakionekani. Yule wa kiume akaja mbio kutoka kwenye mwembe anajua kuko wazi kama siku zote. Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nilisikia kishindo halafu kimya halafu ndo kelele. Nilipofika kioo kilikuwa kimevunjika vipande virefu, vyenye ncha, kama majambia, vingine bado vimening'inia juu kwenye fremu, na mtoto amesimama katikati yake mkono mzima damu. Kile cha juu kilidondoka baada ya mimi kumvuta. Sekunde, Mhariri. Kingemkuta shingoni.

Daktari aliyemshona akaniuliza, mama hicho ni kioo cha mlango au cha dirisha? Nikasema cha mlango. Akasema mbona kimekata hivi, kioo cha mlango kinatakiwa kivunjike punje punje. Ndo mara ya kwanza kusikia hilo neno, na mimi nimeshalipa, nimeshafurahi, mtoto ameshaumia.

Nilipowapigia wale wa karakana wakasema pole mama, lakini watoto inabidi waangaliwe. Nikauliza kile kioo ni cha aina gani, wakasema ni kioo kizuri milimita 5. Wakaniambia wataniletea kingine kama kile kile kwa laki moja na ishirini. Nikapiga plaiwudi pale.

Sasa hapa ndo nataka wasomaji wenu wanisikilize. Kioo cha kawaida, kile kinachouzwa shiti shiti na kukatwa kwa kalamu ya almasi pale pale dukani, kikivunjika kinatoa ncha. Hicho ni cha kuweka kwenye fremu ya picha, kwenye kabati, kwenye dirisha dogo la juu. Kuna kingine mafundi wanakiita tempadi, hicho kinapitishwa kwenye tanuru kwa joto la zaidi ya nyuzi 600 halafu kinapozwa ghafla kwa upepo mkali pande zote mbili, ngozi yake ya nje inakaza na ya ndani inabaki inavuta, ndo maana kina nguvu mara nne hivi ya kile cha kawaida na kikifika mwisho wake kinasambaratika chote mara moja kuwa punje ndogo ndogo kama chumvi ya mawe. Mmeshaona kioo cha ubavuni cha daladala kikipigwa jiwe? Ndo hicho. Na kuna cha tatu, lamineti, vioo viwili vimegandishwa na karatasi ya plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari, kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana palepale. Hivi viwili ndo vioo vya mlango.

Wenzetu hili walishaliona zamani. Marekani tangu 1977 vioo vya milango ya namna hii lazima viwe vya usalama, ni sheria ya nchi. Uingereza kanuni zao za ujenzi zinataka kioo cha mlango kuanzia sakafuni mpaka mita moja na nusu kiwe cha usalama, na kwenye majengo yasiyo ya kuishi zinataka kioo kikubwa kinachoweza kudhaniwa kuwa ni uwazi kiwekwe alama ambayo jicho litaiona. Sisi tumechukua mlango wao tukaacha kioo chao huko huko.

Utajuaje? Nimejifunza kwa damu ya mjukuu wangu kwahiyo nawapa bure. Kioo cha tempadi hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kuchomwa, ukikigusa na kisu chake kinamwagika chote, kwahiyo vipimo vinachukuliwa kwanza, kinakatwa, kinatobolewa tundu za kitasa, ndo kinaenda tanuruni. Fundi akikwambia kioo kikizidi nitakipunguza hapa hapa saiti, huyo hajakuletea tempadi, mrudishe. Pili, angalia pembeni chini, kwenye kona, kiwanda kinaweka muhuri mdogo ndani ya kioo chenyewe, ukikwangua na ukucha hautoki. Stika sio muhuri. Na tatu hii nilionyeshwa na mtu, vaa ile miwani ya jua ya polaroidi usimame uangalie kioo jua likiwa limeinama, utaona madoa madoa kama ya chui au michirizi, hiyo ni alama ya ule upepo uliokipoza. Cha kawaida hakina.

Basi, tukabaki na plaiwudi na paneli 3. Ilipofika mwezi wa pili mlango ukaanza kukaza. Mwanzo unasukuma kwa kiganja, baadae unasukuma kwa bega, baadae mzee hawezi tena mwenyewe, tumerudi kule kule. Mimi nikadhani ni mchanga kwenye reli, nikafagia, nikatia mafuta ya taa, wapi. Halafu juu ya mlango kwenye ukuta ikatokea ufa, mstari mwembamba kama unywele, umeanzia kona ya kulia unapanda kwa mshazari kuelekea kwenye dari. Kila wiki nauona umesogea. Nikaweka alama kwa penseli na tarehe.

Kijana wa jirani yetu ni injinia, nikamwita. Hakugusa mlango kabisa. Alipanda kwenye stuli akafunga kamba ya uashi kutoka kona ya kushoto ya lenta, ile boriti ya zege iliyo juu ya mlango, mpaka ya kulia, akaivuta ikalia kama zeze, akaniambia bibi njoo uangalie. Pembeni kamba imegusa lenta, katikati lenta imeshuka chini ya kamba. Akapima, milimita 9. Unene wa kidole changu kidogo, hicho tu, na nyumba nzima ilikuwa inanionya.

Akanieleza taratibu na mimi nawaeleza nyie kama nilivyoelewa. Ile lenta yetu ya 2004 ilitengenezwa kubeba juu ya dirisha la mita moja na nusu, nondo zake ni za milimita 10, na chini yake katikati kulikuwa na kile kipande cha ukuta kinachoisaidia. Wale vijana walikitoa wakaifanya iruke mita 3 na sentimita 60 peke yake, na juu yake kuna kozi 3 za tofali na kenchi za paa. Hawakuweka mirunda ya kushikilia wala hawakuongeza kitu, walibomoa wakapaka lipu. Halafu juu ya yote, mlango wenyewe ni wa kuning'inia. Hii milango ipo ya aina mbili, ipo ambayo magurudumu yako chini uzito wote unakaa sakafuni, na ipo ambayo magurudumu yako juu uzito wote umeshikwa na lenta, reli ya chini inaongoza tu. Mimi sikujua hata kama kuna tofauti. Na uzito sio mdogo, kioo mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene ni kilo 2 na nusu, kwahiyo paneli zangu za milimita 5, kila moja kama mita 1.6 za mraba, ni kilo 20 za kioo tu, paneli 4 kilo 80, weka alumini na vitasa umepita kilo 100. Mifuko miwili ya saruji imening'inia kwenye lenta iliyochoka, na ukiukunja mlango ile mifuko miwili inahamia upande mmoja. Lakini akasema bibi sio mlango uliopindisha lenta, tofali na paa ndo vimeipindisha, mlango umebanwa tu ukatoa taarifa mapema. Angekuwa fundi amekuwekea wa magurudumu ya chini pengine ungechelewa zaidi kujua.

Nilikaa chini kwenye kochi. Watoto walikuwa wanalala chumba cha nyuma ya ule ukuta.

Siku hiyo hiyo tukasimika mirunda 6. Halafu kabla hata hatujapata hela ya kufanya chochote masika yakaingia, na hapo nikajua kosa la tatu. Reli ya chini ilikuwa imelingana kabisa na marumaru, ndani na nje usawa mmoja, kama nilivyotaka mimi mwenyewe kwa ajili ya kiti cha mzee, lakini kibaraza hawakukishusha wala hawakukipa mwinamo, na zile tundu ndogo za reli za kutolea maji waliziziba na silikoni wakidhani wanaziba maji yasiingie. Upepo wa kusi ukaleta mvua ya ubavu usiku, maji yakajaa kwenye reli, hayana pa kutokea nje yakatokea ndani. Asubuhi zulia limeelea. Kwahiyo kama unataka mlango usio na kizingiti, na kwa mgonjwa au mzee ni jambo jema sana usikate tamaa, basi maji yapangiwe njia kwanza, kibaraza kiiname kuelekea nje, na mbele ya reli kichimbwe mfereji mwembamba wenye kifuniko cha matundu. Na zile tundu za reli usizibe, na kila mwezi uzichokonoe na njiti maana mchanga na sisimizi wanajaa humo.

Mwezi wa sita mvua zilipokata tukaanza upya. Injinia alichora boriti mpya, kina sentimita 35, chini nondo 4 za milimita 16, na nguzo mbili za zege pembeni zimeshuka mpaka kwenye msingi wake. Hiyo ni ya kwangu, kwa ukuta wangu na paa langu, tafadhali mtu asinakili kwenye gazeti akaenda kumwaga zege, nyumba yako ichorewe ya kwake. Baada ya kumwaga, tukamwagilia maji wiki mbili, mirunda ikakaa siku 28, watu wananiambia mama toeni tu imeshakauka, nikakataa. Nimeshasikia mara moja kazi ya siku 3.

Na fundi wa mlango safari hii nilimtafuta kwa kuuliza, nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Tanga aliyefanya kazi kwenye mahoteli Zanzibar miaka mingi. Naomba niseme juu ya huyu mtu, maana barua za kulalamika ziko nyingi na mafundi wazuri hawaandikwi. Alikuja mara ya kwanza, akaangalia, akasema dada sipimi leo. Lipu haijaisha, marumaru hamjaweka, nipime nini? Akaondoka, hakuchukua hata nauli. Aliporudi alikuja na mpira wa maji, ule mrefu wa plastiki, akajaza maji akatoa mapovu yote, akamshikisha kijana upande mmoja yeye upande mwingine, wakaweka alama ya penseli kona zote. Akapima upana mara 3, juu, katikati, chini. Kimo mara 3. Halafu akapima kona kwa kona, mshazari huu na mshazari huu, akapata tofauti ya milimita 4, akatikisa kichwa akasema hii inavumilika. Akachukua kipimo kidogo kuliko vyote akatoa milimita 8 kila upande ya kuchezea. Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari la shule, akanisomea, akanipa nisaini. Mimi. Nisaini vipimo. Yule wa kwanza hata karatasi sikuona.

Tukakubaliana kioo milimita 8 tempadi chenye muhuri, ikaandikwa kwenye stakabadhi kwa herufi, sio kwa mdomo. Safari hii magurudumu chini, kwasababu zege la chini lina nguvu na mimi moyo wangu haukutaka tena kitu kinachoning'inia. Alumini yake alinikatia kipande akanipa nishike pamoja na kipande cha mlango wa zamani, mkono wenyewe unajua, huu mzito ule kama kopo la soda. Skrubu zote stenlesi, ile namba 316, maana sisi chumvi ya bahari inakula, zile za kwanza kwa miezi 8 zilishatoa machozi ya kutu kwenye rangi nyeusi.

Siku ya kufunga alianza saa 12 asubuhi kabla ya jua kupiga. Fremu tupu kwanza, bila kioo. Akaitega, akaipima maji chini, akaweka vipande vidogo vya plastiki panapopungua, vipande vya plastiki sio mbao maana mbao inavimba na kusinyaa, akapima tena, akafunga skrubu ya kwanza sentimita 15 kutoka kona halafu nyingine kila baada ya sentimita 60, na kila akikaza moja anarudi na pima maji kuangalia kama fremu imevutwa. Nilihesabu, alipima maji chini peke yake mara 14. Kila palipobaki lipu ya kumalizia aliifunika alumini na tepu ya karatasi, akasema saruji mbichi inababua alumini, inaacha baka jeupe ambalo halitoki milele. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa na mabaka hayo mengi nikadhani ni uchafu.

Paneli akazipachika moja moja kuanzia ile ya ukutani, bawaba kwa bawaba, halafu ndo akalala kifudifudi sakafuni na alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, anarekebisha gurudumu, robo zamu, anasimama, anasukuma, analala tena. Alikuwa na kipande cha kadibodi amekitoa kwenye boksi la kitasa, anakipitisha kwenye mwanya kati ya paneli na paneli kuanzia juu mpaka chini, kikikwama anashuka kurekebisha. Aliendelea hivyo mpaka adhuhuri. Alipomaliza kadibodi ikapita mianya yote bila kugota popote, akaiweka mfukoni, akaenda kuswali.

Kuhusu mpangilio wa paneli nako alinishauri kitu ambacho sikukifikiria, kwamba zile 4 zikikunjwa zote upande mmoja, basi hata ukitaka kutoka kutupa taka inabidi ukunje. Akaniwekea 3 zinaenda kulia na 1 inafunguka peke yake kushoto kama mlango wa kawaida, ndo tunayotumia siku zote. Kwa wezi, vitasa vinakaza juu na chini, pini za bawaba ziko ndani, na grili ya kukunja ipo usiku. Mbu pia msisahau, ukifungua ukuta wa mita 3 na nusu saa 12 jioni umeita mbu wa mtaa mzima, na malaria bado tunayo, mimi nimeweka wavu wa kuvuta.

Na kwenye vioo vyote nimebandika alama, mistari miwili ya vidoti vyeupe, mmoja usawa wa macho ya mtoto mmoja usawa wa macho ya mtu mzima. Watu wananiambia umeharibu uzuri. Mjukuu wangu mwenyewe ndo alivibandika, kwa mkono ule ule wenye kovu.

Gharama zote, boriti, mlango na kibaraza za mara ya pili, zimefika milioni 7 na ushee, ukijumlisha na zile za kwanza zilizokwenda na maji. Ni hela ya kiinua mgongo. Siandiki ili nionewe huruma, naandika kwasababu ile milioni 2 na laki 8 ya mwanzo ilionekana rahisi, na kuna mama mwingine wiki hii anatanguliza asilimia 70 mahali.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja lenye miguu mitatu. Mkiweka picha ya mlango wa namna hii, chini yake muandike maneno mawili tu, kioo gani na juu kuna boriti gani, wasomaji watazoea kuuliza. Waandishi wenu waende TBS, lile shirika la viwango, na halmashauri wawaulize kwa niaba yetu, kioo kinachouzwa kwa ajili ya mlango kinakaguliwa na nani na wapi, na mtu akibomoa ukuta wa nyumba iliyokwisha kujengwa ili aweke mlango mpana, anatakiwa apite kwa nani, mtuandikie majibu kwa Kiswahili cha kueleweka. Na vyuo vya ufundi, VETA na vinginevyo, wanaofundisha uashi, useremala na kuchomelea, hawa vijana wa alumini nao wafundishwe lenta na kioo, wasifundishwe kukata na kukaza skrubu tu. Wale vijana wawili waliokuja kwangu sidhani kama walikuwa wabaya, walikuwa wachangamfu, walikula wali wangu, walimsalimia mzee shikamoo kila asubuhi. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kipande kimoja cha kile kioo cha kwanza ninacho, kina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, nimekifunga kwenye magazeti yenu ya zamani na kuweka juu ya kabati. Nikipata nafasi Jumatatu navuka na pantoni nakileta ofisini kwenu, mkipige picha, na mkitaka mkiweke kwenye ukurasa ule ule wa nyumba.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Bibi wa Kigamboni, Dar es Salaam